Maji ya Jumanne

Ilungu, njia ya Mboko
12 Februari 1956

Kwa ndugu yangu mdogo Casimir,

Nakusalimu. Mama naye anakusalimu mara mbili, maana anasema salamu aliyokutumia siku ya Noeli hukuijibu, basi hiyo ya pili ni deni. Sisi ni wazima. Paa la jiko linavuja upande wa mlima, jirani yetu Georgette amejifungua msichana, na ndagala wa ziwani mwaka huu ni wengi hata kuku wanawakataa. Macho ya Mama ni yale yale: mlima anauona, sindano haioni. Barua zako namsomea mimi, na akiona nimefika mwisho upesi ananiambia nirudie, kwamba nimeruka.

Sasa neno lenyewe. Tangu kabla ya Noeli kijito chetu cha Misombo kinashuka cheupe. Kina povu kwenye mawe na kinanuka kama chungu cha maziwa kilichosahauliwa juu ya dari. Muhogo tunaouloweka unatoka mweusi, unateleza mkononi kama samaki aliyeoza. Wewe unajua muhogo wetu ni mchungu. Usipolala siku nne ndani ya maji yanayotembea, unamlevya anayeula.

Na unajua sheria ya kijito. Juu kabisa ni maji ya kunywa, chini yake ni nguo, na chini ya wote ni vidimbwi vya muhogo, kila mwanamke na chake alichoachiwa na mama mkwe. Mwenye uchafu anakwenda chini. Msichana wa hapa anachapwa kwa sheria hiyo kabla hajafundishwa Baba Yetu. Hata wewe ulichapwa, ulipoosha miguu pale juu, na ulilia mpaka wavuvi wakauliza nani amekufa.

Tumekwenda wanawake ishirini na watatu kwa chefu anayetawala hapa. Amesema ataandika kwa wakubwa. Lakini mimi sikutaka kungoja wakubwa wakati nina ndugu huko. Kijito chetu kinapita mlangoni kwa hiyo laiteri yenu ya maziwa na siagi, kabla hakijafika kwetu. Nakuuliza kama dada anavyomuuliza ndugu yake: huko mnamwaga nini, na mnamwaga wapi?

Dada yako,
Félicité

*

Laiteri, mlimani
20 Machi 1956

Yaya Félicité, dada yangu mkubwa,

Barua yako imefika baada ya siku thelathini. Ililala mjini Baraka ikingoja kamyo yetu inayobeba siagi, kisha ikapita bureau, ofisi ya laiteri, kama barua zote za wafanyakazi. Karani wetu Placide anasema una mwandiko mzuri sana, mwandiko wa shule ya masista. Anausifu kila mara.

Mimi ni mzima. Baridi ya huku inauma masikio. Nimepandishwa cheo: sasa ndimi mkubwa wa wote wanaoosha bidoni za maziwa, watu sita chini yangu, na nimepewa viatu vya mpira vinavyofika magotini. Musyu, Mzungu anayesimamia laiteri, ni mtu mkali lakini anapenda kazi. Siagi yetu inakwenda mpaka Usumbura, na Wazungu wa kule wanaisifu.

Habari ya kijito nimeisikia. Ni mambo ya wakubwa, Yaya, na wakubwa wanayaangalia. Tusisahau pia kwamba muhogo wenyewe una harufu yake. Mtu aliyezaliwa ndani ya harufu haisikii.

Nimekutumia kopo la siagi na vipande viwili vya sabuni. Mpe Mama apake mkate. Mwambie nimepata viatu.

Mdogo wako,
Casimir

*

Ilungu
22 Aprili 1956

Casimir,

Nakusalimu, na msalimu Placide, maana najua ataisoma hii kabla yako. Bahasha yako ya mwisho ilikuwa imebandikwa gundi mara mbili. Basi Placide, ukifika hapa, vuta kiti.

Habari za nyumbani. Paa bado linavuja. Mtoto wa Georgette amebatizwa Marie. Sabuni tumeipata. Siagi haikuliwa, Mama aliinusa akaniambia niirudishe ndani ya karatasi, na mpaka leo imo ndani ya karatasi.

Tarehe tisa mwezi huu alikuja ajenti wa afya pamoja na askari wawili. Tulipigiwa kengele kama watu wa kwenda misa. Akatuambia: "Bamama, kuanzia leo hakuna mwanamuke ataweka muhogo mu mayi ya mto. Ni muhogo yenu njo inanukisha mayi. Ule atapatikana, atafungwa." Kisha akasoma karatasi kutoka laiteri. Karatasi inasema mto hauna kosa huko juu, na uchafu wote ni wa vidimbwi vyetu, na kwamba haya yameshuhudiwa na mzaliwa wa Ilungu mwenyewe, mtu wa kuaminika.

Chini kulikuwa na jina. Ajenti alilisoma kwa sauti. Sitaliandika hapa. Mama alisimama mbele ya watu wote akasema neno moja, na hilo pia sitakuandikia leo. Ninangoja mwenye jina aliandike mwenyewe. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nikidhani wanasema habari za chawa.

Sasa tunaloweka muhogo ndani ya vyungu, nyumbani, ndani ya maji yaliyosimama, kwa sababu nani ana nguvu ya kupanda na kushuka kubadilisha maji ya vyungu mara tatu kwa siku? Watu wana njaa, siku ya pili wanautoa. Georgette alianguka kwenye kinu chake, mtoto mgongoni. Alitapika mpaka jioni. Mtoto hakuumia, mshukuru Mungu, usimshukuru ajenti.

Lakini nikuambie kitu. Sisi wanawake tumehesabu. Kijito kinanuka Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Jumanne asubuhi kinakuja safi, unaona mchanga chini. Kila Jumanne, wiki tisa mfululizo, na wiki mbili za mwisho hakuna muhogo hata mmoja majini. Maji yanatumia siku mbili kushuka kutoka kwenu. Sasa niambieni, ninyi wenye viatu vya mpira: huko juu ni nani asiyefanya kazi Jumapili? Muhogo wetu hausali. Muhogo wetu ulilala majini Jumapili kama Jumatatu. Nilimwambia ajenti maneno haya. Alicheka, akasema, "We mama, mayi haijue siku."

Sasa kijiji kizima kinachota Jumanne. Tunajaza kila chombo, hata ndoo ya ubatizo. Mama anatoka wa kwanza kabisa, kabla hata jua halijapanda juu ya ziwa. Anasema siku nyingine anakunywa kwa sababu ya kiu, lakini Jumanne anakunywa maji.

Félicité

*

Laiteri
27 Mei 1956

Yaya,

Hii haipiti bureau. Nitampa Swedi, yule mfanyabiashara wa chumvi wa Baraka anayepanda huku kununua ngozi. Ataifunga ndani ya kilemba chake. Ndiyo maana nitaandika kama mtu.

Jina ni langu. Ilikuwa siku saba kabla sijakuandikia ile barua ya viatu. Musyu aliniita bureau, akanipa kiti. Miaka minne sijawahi kukaa kwenye kiti kile. Akaniuliza, "We uko mutoto ya kule Ilungu, sivyo? Bamama ya kule banaloweka nini mu mayi?" Nikasema, "Muhogo, Musyu." "Na muhogo ikilowa, iko na harufu?" Nikasema, "Ndiyo Musyu, iko na harufu." "Basi weka saini." Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, ndefu. Niliweka saini yangu nzuri, ile yenye mkia. Yaya, kila neno nililosema lilikuwa kweli, na karatasi nzima ilikuwa uongo.

Uliniuliza tunamwaga nini. Nakuambia. Jibini ikiisha kuganda yanabaki maji ya kijani, mengi kuliko jibini yenyewe mara tisa. Maziwa yaliyotolewa siagi, ambayo hayana mnunuzi, nayo yanafuata huko. Kisha maji ya kuoshea bidoni, yenye soda kali inayokula vidole. Watu wangu wawili hawana kucha. Kwa kila bidoni moja ya maziwa tunatumia bidoni saba za maji. Maji ya kupoozea maziwa yanapita juu ya bidoni mara moja tu, safi kabisa, halafu yanakwenda mferejini bure, wakati yangeweza kuoshea. Wafugaji wanaotuletea maziwa wanasafisha vibuyu vyao kwa moshi wa majani na maji ya kujaza kiganja, na maziwa yao hayachachi. Mmoja alisimama akituangalia, akauliza, "Munaosha bidoni, ao munaosha mulima?" Nilimwambia Musyu tuchimbe shimo, na yale maji ya kijani tuwape wafugaji kwa ndama wao. Aliniambia kazi yangu ni mikono.

Vyote hivyo vinakaa ndani ya hodhi, na hodhi ina mlango wa ubao. Kila jioni, isipokuwa Jumapili, ubao huo unainuliwa, mto unachukua. Anayeuinua ni mimi.

Sasa sikia jambo baya zaidi. Placide alimsomea Musyu barua yako ya Aprili. Yote, na Jumanne zako. Musyu alicheka sana. Wakubwa wa Bukavu wamemtuma daktari wa mifugo kuja kupima maji kwa chupa, kwa sababu chefu wenu aliandika kweli, na yule wa Bukavu si mtu wa kununuliwa. Ni Musyu aliyeombwa kuchagua siku. Amechagua tarehe kumi na mbili Juni. Tazama kalenda ya masista. Ni Jumanne.

Daktari atachota maji safi mbele ya macho yenu, na karatasi yangu itakuwa kweli milele, na vidimbwi vitafungwa milele. Maji yamekwisha kumwagika, Yaya. Sijui nifanye nini.

Usimsomee Mama.

Casimir

*

Ilungu
3 Juni 1956

Casimir,

Swedi anarudi kesho, sina nafasi ya salamu. Mama ni mzima.

Unasema maji yamekwisha kumwagika. Maji yakimwagika hayazoleki, ndiyo, lakini aliyeyamwaga anajulikana, na ana mikono. Mimi nina kalamu tu, na kalamu yangu imemfundisha Musyu siku ya kuchagua. Ninaungua moyoni kila nikikumbuka. Nilidhani ninamtukana Placide, kumbe nilikuwa ninawapa kalenda.

Wewe ndiwe uliye juu. Sisi wote tuko chini yako. Fanya kitu.

Félicité

*

Laiteri
Jumapili, 10 Juni 1956

Yaya,

Ninaandika mikono ikiwa bado inanuka. Tangu Jumatano sikuinua ubao mpaka juu. Kila jioni niliuinua vidole viwili, nikamwambia Musyu mfereji umeziba kidogo. Hodhi ilijaa mpaka ukingoni. Leo wote walipokwenda misa nilibaki, nikasema nina homa. Nikauinua ubao wote. Kisha nikaingiza bidoni arobaini za maziwa yaliyochacha, na soda ya wiki nzima.

Kijito kimekwenda cheupe kama chokaa. Kwa hesabu yenu kitafika kwenu Jumanne asubuhi, daktari akiwa amesimama na chupa yake.

Wakirudi watajua. Nitaondoka kabla hawajaniuliza. Barua hii nampa mfugaji anayeshuka na ng'ombe wawili, hakuna mwingine. Anasema atafika Jumanne au baadaye kidogo, kwa kadiri ya miguu ya ng'ombe.

Yaya, Jumanne hiyo msichote. Waambie wote. Mzuie Mama asichote.

Casimir

*

Ilungu
24 Juni 1956

Casimir,

Mfugaji wako alifika Alhamisi. Maji yako yalifika Jumanne. Mwaka huu wote imekuwa hivyo: maji yako yananifikia kabla ya barua zako.

Nikueleze kwa utaratibu, kwa kuwa Mama ameketi hapa na anataka kila kitu kiandikwe.

Musyu alikuja na viatu vyeupe. Daktari wa Bukavu alikuja na sanduku la chupa. Ajenti alikuja na kicheko chake kile kile. Musyu mwenyewe ndiye aliyemwongoza daktari mpaka mahali pa kuchotea, akamsimamisha juu ya jiwe letu kama mtu anayeonyesha bustani yake. Na mto ukaja. Povu lilifika magotini. Samaki wadogo walipita matumbo juu. Daktari alitazama maji, akamtazama Musyu, na Musyu akatazama viatu vyake. Daktari akatuuliza: "Bamama, nani ameloweka muhogo leo?" Tukampeleka kwenye vidimbwi vyetu, vimekauka, vina majani ndani. Miezi miwili. Akamwuliza ajenti kama mto huu unaanzia kwenye vidimbwi. Ajenti hakucheka.

Daktari alijaza chupa sita. Wiki iliyopita chefu alisoma amri mpya. Laiteri ichimbe mashimo matatu, isimwage tena kitu mtoni, na maji ya kupoozea yatumike kwa kuoshea. Sijui kichwa cha nani kilifikiri hilo la mwisho, lakini nililisoma kwanza ndani ya kilemba cha Swedi. Wanawake wamerudi majini. Georgette aliimba.

Hiyo ndiyo habari nzuri. Sasa nyingine.

Mama alichota Jumanne hiyo kabla jua halijapanda, kama nilivyokuandikia mwezi wa nne kwa mkono wangu mwenyewe. Povu lilikuwa bado halijafika, lakini soda ilikuwa imetangulia, na Mama haoni cha karibu. Alikunywa pale pale, bakuli mbili, kwa furaha. Ilikuwa Jumanne. Mdomo wake ulikuwa kidonda siku nane. Alitapika siku nne, mbili kati ya hizo nilimwita katekista. Sasa anakunywa uji wa baridi, na sauti imeanza kurudi.

Nimekukasirikia, Casimir, mpaka nilikuwa nikiosha vyungu ninavivunja. Ulikuwa na siku tano za kujaza hodhi. Katika siku tano hukupata miguu ya kushuka siku mbili utuambie? Nami nimejikasirikia. Nilikuambia ufanye kitu, sikukuuliza utafanya nini. Na Musyu simsahau: yeye alimwaga uchafu wake mtoni miezi saba, hakuna aliyemwita muuaji, na bado ana viatu. Hasira yangu inatosha watu watatu, usidhani sehemu yako imepungua.

Uliniambia nisimsomee Mama. Nimemsomea zote, ile ya kiti, ile ya ubao. Hakuniambia nimeruka. Sasa naweza kukuandikia lile neno alilosema mwezi wa nne, ajenti aliposoma jina lako. Alisimama, akasema: "Ule si mutoto wangu. Mutoto wangu anajua mayi inateremuka." Alikuwa anakutetea. Alidhani wameiba jina lako.

Swedi anasema uko Fizi, unalala kwa fundi cherehani, unaogopa kushuka. Mama ametuma neno, na amenifanya nilirudie mara mbili ili nisilikosee. Usije kwa kamyo ya Baraka. Panda tena mpaka kwenye laiteri, usimame nje ya ukuta. Hapo uanze kufuata kijito kwa miguu. Kila mahali utakapomkuta mwanamke anachota, umwombe maji, unywe mbele yake, bakuli mbili. Ukifika hapa mzima, atajua kwamba yale mashimo yamechimbwa kweli.

Siagi yako nimeitupa. Muhogo upo, umelala siku nne.

Toka huko juu Jumapili, utafika Jumanne.

Dada yako,
Félicité